Harusi ya Kutawanywa

"Mama yangu hapigwi!"

"Siku, nani kasema apigwe? Nimesema kifurushi..."

"Umesema kila mgeni! Mama anakuja pale kama nani, kama meza?"

"...kifurushi hakikatwi vipande, ukichukua maji unachukua na mbwa, ukichukua mbwa unachukua na..."

"Basi oa mbwa! Kaoe hao mbwa, mimi naenda zangu!"

"...na virungu, ndiyo utaratibu wenyewe, Afande si umwambie jamani!"

Afande Chilumba alikuwa nyuma ya kaunta ya kituo cha polisi, kalamu mkononi, anatabasamu kama muuza magodoro. Amezoea. Maharusi wote wanaokuja dawati lake wanagombana, na yeye anawaacha mpaka wachoke wenyewe, kisha anawauzia. Yeye ndiye Mkuu wa Dawati la Furaha na Utawanyaji.

Kwa walio mbali, nieleze kidogo. Nchi yetu kwa sasa haina jina. La zamani lilipelekwa kufanyiwa matengenezo na fundi hapokei simu. Lakini utulivu tunao, tena wa kumwaga. Utulivu huo unalindwa na Sheria ya Mikusanyiko, inayosema watu wakizidi wanaoenea kwenye kochi moja, huo ni mkusanyiko, na mkusanyiko lazima utawanywe. Iwe msiba, iwe mpira wa mtaani, iwe foleni ya maji. Hiyo ya maji ilileta utata kidogo, ikabidi itolewe kanuni kwamba watu wapange foleni mmoja mmoja.

Wenye uwezo wananunua kibali cha kutotawanywa. Hao wanaoana kwenye kumbi zenye kiyoyozi, saksafoni inalia, askari wamesimama mlangoni wanawapigia saluti wageni. Lakini serikali yetu ni sikivu. Iliona vijana wa kawaida wanashindwa kuoana kwa ajili ya gharama, ikaleta mpango wa Harusi Nafuu. Wewe unaleta maharusi na chakula, serikali inaleta burudani. Bure. Na burudani yenyewe ndiyo huko kutawanywa.

Bibi harusi, Sikudhani, ni msusi. Bwana harusi, Kibwana, anaziba pancha. Kamati yao ya harusi ilikutana mara moja, ikanywa soda, ikaahidi makubwa, na tangu hapo kila mwanakamati ukimpigia simu yuko safarini. Kwa hiyo hawakuwa na pa kukimbilia zaidi ya pale kaunta.

"Mmemaliza?" Afande akauliza. "Haya. Siku hizi watu wanataka harusi iwe na vitu vyao wenyewe, na sisi tunasikiliza wateja. Zamani tulikuwa tunakuja, tunapiga, tunaondoka. Harusi ya huyu na ya yule hazina tofauti, mtu mwaka ukipita hakumbuki hata alivunjiwa wapi. Tukasema hapana, tuboreshe."

Akatoa kirungu chini ya kaunta, akakilaza juu ya kitambaa cheupe kama muuza vito.

"Angalia hapo kwenye kichwa. Tumechonga. S, kopa, K. Mgeni akipigwa vizuri, bila papara, anaondoka na muhuri wenu mgongoni. Huna haja ya kuchapisha kadi wala kununua vikombe vya kumbukumbu."

Kibwana akakishika, akakigeuza. "K imekaa kinyume."

"Ndiyo, ili ikitoka kwa mgeni ikae sawa. Vijana wetu wana akili. Sare yenu rangi gani?"

"Zambarau," Sikudhani akajibu kwa kinyongo.

"Hapo sasa. Yale maji ya kuwasha tunayatia zambarau. Aliyeshona sare na asiyeshona, wote wanatoka rangi moja."

Kibwana nusura alie kwa furaha. Ukoo wake mzima ulikuwa umeshasema hauna hela ya kitambaa.

"Mbwa watavaa tai. Moshi wa machozi tunauchanganya na udi. Watu watalia, sawa, lakini harusi gani watu hawalii?"

"Na mama yangu?" Sikudhani akauliza.

Tabasamu la Afande likapungua.

Mama yake Sikudhani, Bi Hadia, anatembelea mkongojo. Nyonga yake ya kushoto ilivunjwa kwenye msiba wa mumewe, nao ulikuwa wa kutawanywa, enzi hizo kifurushi hakijawa na maboresho yoyote. Daktari aliiunga kwa vyuma akamwambia waziwazi, bibi, ukipigwa hapa tena, mpaka kufa utabebwa kwenda chooni. Na Sikudhani, tangu alipovishwa pete, aliapa jambo moja tu. Hakutaka gari wala ukumbi. Alitaka mama yake acheze kwenye harusi yake, kwa miguu yake mwenyewe, na arudi ndani kwa miguu hiyohiyo.

"Asije," Afande akashauri. "Wazazi wengi wanafanya hivyo. Anaangalia dirishani."

"Dirisha lenyewe mlilivunja kwenye msiba."

"Basi hapo dada yangu uwezo wangu umeishia. Kumwacha mtu bila kumpiga ni maamuzi ya juu sana. Hilo ni la Waziri."

Alidhani anamtisha. Hakumjua Sikudhani.

*

Waziri wa Utulivu na Sherehe ni mtu mnene mwenye sauti ya kwenye birika. Siku hiyo alikuwa anasikiliza kero za wananchi, na kwa kuwa wananchi wakijipanga mlangoni wanatawanywa, aliyefika ndani alikuwa Sikudhani tu, na Kibwana kajificha nyuma ya mgongo wake, kiatu kimoja kimebaki nje.

Akaeleza shida yake. Waziri akafumba macho, akakunja mikono juu ya tumbo.

"Binti," akasema. "Unajua kirungu ni nini? Kirungu ni mkono wa serikali uliorefushwa, ili umfikie mwananchi aliye mbali. Kuna nchi raia anazaliwa, anakua, anazeeka, anakufa, serikali yake haijawahi kumgusa! Hata mara moja! Sisi tumekataa. Tumesema tutamgusa kila mmoja, bila ubaguzi wa dini, kabila wala umri. Leo unakuja hapa, umependeza, unaomba serikali imruke mama yako. Kwani mama amekosa nini mpaka atengwe?"

Wasaidizi wakapiga makofi. Mmoja akafuta machozi.

"Zipo wilaya," Waziri akaendelea, sasa kasimama, "bajeti haijaruhusu kuzifikia! Wabunge wao wanalalamika! Halafu wewe..."

"Mheshimiwa," Sikudhani akamkata. Kibwana akamfinya mgongoni, hakujali. "Kila siku kwenye televisheni tunaona mnavyopiga. Mmeshawahi kuonesha mtu ambaye hamkumpiga?"

Waziri akamgeukia msaidizi wake. "Tunaye?"

"Kwa sasa hatuna, Mheshimiwa."

"Hata mmoja?"

"Alikuwepo mmoja, wa kule mpakani. Alipigwa wakati anahojiwa."

Waziri akakaa taratibu. Ukawa unaona wazo linavyomwingia, kama mtu anayemeza kiazi cha moto. "Huruma," akanong'ona. "Nchi jirani zinasema hatuna huruma. Sasa tukiwa na bibi, ana mkongojo, harusi inatawanywa kulia, inatawanywa kushoto, yeye katikati, mzima, amekaa kwenye kiti cheupe... Andika! Duara la Huruma! Chokaa chini, pa kuonekana. Televisheni moja kwa moja. Na kiti kiwe na mito."

Sikudhani alitoka pale anarukaruka. Kibwana akawa anamwambia, "Siku, wewe mwanamke ni hatari." Mtaa mzima tulimsifu. Hata mimi nilisema huyu dada angekuwa balozi.

Bi Hadia alipoletewa habari alikuwa uani anamenya vitunguu saumu.

"Mmeenda kwa Waziri," akasema.

"Ndiyo mama! Hupigwi hata kidogo!"

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya mguu, mama. Nataka ucheze."

Bi Hadia akaendelea kumenya mpaka punje ile ikaisha. "Haya," akasema. "Harusi yenu."

*

Siku yenyewe, magari ya askari yalifika kabla ya wageni. Sifa yao wape. Walisaidia kupanga viti, walifunga puto, walishikilia ngazi wakati tunatundika kitambaa. Askari mmoja alionja pilau akasema bado chumvi. Mbwa walivaa tai kweli, na mmoja alikuwa na tai nzuri kuliko ya bwana harusi.

Katikati ya uwanja, mbele ya nyumba ya Bi Hadia, wakachora duara la chokaa. Wakaweka kiti cheupe chenye mito. Bi Hadia akakalishwa, kanga mpya, mkongojo mapajani. Mwandishi wa televisheni akamsogeza kidogo kulia ili bendera ionekane.

Shehe alivaa raba chini ya kanzu. Yeye ana uzoefu. Akamshika Kibwana mkono, akaozesha kwa pumzi moja, akasikia "nimekubali", akapandisha kanzu magotini na kuruka ukuta. Ndoa ikawa imefungwa. Vigelegele vikapigwa. Mkusanyiko ukawa umetimia.

Mshereheshaji, Koplo Tausi, akapanda juu ya gari la maji na kipaza sauti.

"Wana harusiii! Mko pouwa?"

"Pouwa!"

"Sijasikia! Upande wa bwana harusi mmekula? Mko pouwa?"

"Pouwaaa!"

"Safi! Kwa mamlaka niliyopewa, natangaza kwamba mkusanyiko huu si halali! Makofi kwa maharusi tafadhali! Mnatakiwa mtawanyike kwa hiari yenu. Nahesabu mpaka tatu. Bwana harusi, mshike mkeo vizuri, wapiga picha mkae sawa. Moja!"

Mbili hakuna aliyewahi kuisikia kwenye harusi yoyote.

Maji yalianza na wapiga ngoma. Yaliwabeba na ngoma zao mpaka ukutani, na walipoanguka chini walikuwa zambarau mpaka kwenye meno. Halafu vikaja virungu. Mzee Binda, mjomba wake Kibwana, alikuwa ameinuka na hotuba yake ndefu inayoogopwa na ukoo mzima. Alisema "Ndugu zang..." akapigwa mdomoni. Meno yakaangukia kwenye sahani ya kachumbari. Walioisikia wanasema ndiyo hotuba yake bora.

Shangazi Sauda aliinua mkono kujikinga uso. Ule mkono ukalia kama kuni kavu. Akawa anautazama unavyoning'inia, kama wa mtu mwingine, na yule askari akamwambia kwa adabu kabisa, "Samahani shangazi, geuka kidogo, herufi hazikutoka vizuri," akampiga tena mgongoni, akainama kuangalia, akaridhika.

Mpishi aliburutwa na mbwa mwenye tai nzuri, kutoka kwenye sufuria mpaka getini, shavu la mguu limo mdomoni mwa mbwa. Waliokimbilia ukutani walipanda juu ya vipande vya chupa vilivyopachikwa pale juu, na damu ikateremka ukutani. Moshi ukatanda. Ulinukia udi kweli. Watu wakatapika huku wanasema harufu nzuri.

"Keki! Keki!" Koplo Tausi akatangaza. Askari akaikata keki kwa kirungu, pigo moja, nusu ikabaki mezani na nusu ikaenda na kichwa cha msimamizi wa bwana harusi.

Kibwana alijitahidi. Alimfunika mkewe kwa mwili wake mpaka wakamng'oa kama bango. Wakamlaza chini, mmoja akamkanyaga shingo, mwingine akampiga mbavuni, na kila pigo likitua Koplo Tausi anasema, "Bwana harusi anaendelea kutuburudisha!" Sikudhani akamrukia mguu yule wa shingoni, akaung'ata. Akapata lake la paji la uso. Ngozi ikafunguka, damu ikateremka kwenye shela.

"Bibi harusi, hapohapo!" mpiga picha akalia, na yeye anavuja sikio. "Usifute! Inapendeza na zambarau!"

Na katikati ya yote hayo, Bi Hadia kwenye kiti cheupe.

Askari walikuwa wanakimbia na kulizunguka lile duara kwa nidhamu ya ajabu, hakuna aliyekanyaga chokaa. Kila anayepita anasema, "Shikamoo mama!" kisha anampiga mtu. Na Bi Hadia, kwa mazoea, "Marahaba." Shikamoo mama, paa. Marahaba. Shikamoo mama, paa. Baadaye akaacha kuitikia.

Shoga yake, Bi Somoe, ambaye wamekua naye, wameolewa mwezi mmoja na kuzika waume mwaka mmoja, alifika akitambaa. Alikuwa haoni kwa ajili ya moshi. Mkono wake ukapapasa chini mpaka ukagusa chokaa. "Hadia," akaita. "Hadia, uko hapa?"

Bi Hadia akaegemea mkongojo ainuke, akanyoosha mkono.

"Mama kaa, unatoka kwenye picha!" mwandishi akasema, akamkalisha kwa bega. Akamsogezea kipaza sauti. "Mama, tuko hewani. Waambie watazamaji, unajisikiaje kutopigwa?"

Nyuma yake Bi Somoe alikuwa anavutwa mguu, kucha zimeacha mistari kwenye chokaa.

*

Harusi za kwetu huanza zikiisha kutawanywa. Yaani watu wakishakimbia, wanazungukia vichochoroni, wanarudi mmojammoja, na hapo ndipo tunakula.

Walirudi. Wengine kwa mgongo wa wenzao. Waliovunjika mkono wa kulia wakala kwa wa kushoto, wakaomba radhi. Mzee Binda akapewa mchuzi peke yake. Na ikawa raha kweli, sidanganyi, maana watu wakishapigwa pamoja hawana tena kununiana. Waliovua mashati wakawa wanageuziana migongo. "Wako umetoka! Mimi kopa tu!" Ngoma iliyopasuka ikazibwa na Kibwana mwenyewe kwa kiraka cha pancha, jicho moja limefumba.

Ikafika kumtoa mama. Kwetu wanawake wanamwendea mama wa bwana harusi, wanamfunga kanga, wanamwingiza katikati wanacheza naye, halafu wanamwendea mama wa bibi harusi. Mama yake Kibwana akachezwa mpaka bandeji ikafunguka. Vigelegele. Akarudishwa kwenye mkeka.

Wakakaa.

Sikudhani akangoja. Akaona labda wanapumua. Akamfuata Shangazi Sauda. "Shangazi, mama bado hajatolewa."

"Nitakuja mwanangu. Si unauona mkono."

"Huo mkono umetoka kucheza nao sasa hivi!"

"Ndiyo maana unauma."

Akaenda kwa wengine. Huyu miguu, huyu mtoto ananyonya, huyu hata hakujibu. Bi Hadia alikuwa bado kwenye kiti chake. Chokaa ilishafutika kwa maji na damu, lakini waliopita na sahani walizunguka palepale ilipokuwa. Mikeka yote ilikuwa imesogezwa ukutani.

Kwetu ukitaka kumtukana mtu tusi la mwisho, unamwambia ana ngozi nzuri. Hakuna haja ya kueleza zaidi. Mtu ambaye askari wote wanamwamkia na hakuna anayemgusa, mtu huyo ana kazi sehemu, ni wa kwao. Na dirishani kwa jirani televisheni ilikuwa inarudia habari, Bi Hadia na bendera, mwandishi anamwita mama wa taifa wa mfano.

Sikudhani akapiga magoti mbele ya Bi Somoe. "Mama mdogo, wewe basi. Wewe ukianza watakufuata."

Bi Somoe alikuwa anachovya vidole kwenye maji ya chumvi. Hakuinua kichwa. "Mwache apumzike," akasema. "Leo amekaa sana."

"Mimi ndiye niliyeomba!" Sikudhani akapiga kelele, kwa uwanja mzima. "Yeye hakujua! Mimi ndiye niliyekwenda kwa Waziri!"

Lilikuwa kosa. Watu walitazamana. "Kumbe wanajuana na Waziri," mtu akasema kwa sauti ya chini, na hata waliokuwa karibu na bibi harusi wakakumbuka kwamba wameacha viatu mahali.

Basi akasimama pale katikati, shela limemganda kwenye paji, mama upande mmoja na watu wote upande wa pili. Mguu wa mama alikuwa ameuokoa. Wa kucheza naye ndio hawakuwepo.

Afande Chilumba na vijana wake walikuwa chini ya turubai wanakula, maana chakula kiko ndani ya kifurushi. Akaona watu wametulia, akajifuta mikono, akasimama na lile tabasamu lake. "Wateja wetu! Mmeridhika na huduma? Kama kuna maoni..."

Ndipo Bi Hadia akainuka.

Mwandishi hakuwepo wa kumkalisha. Akaegemea mkongojo, akateremka kutoka kwenye mito, akaanza kuvuka uwanja, nyonga inabisha kila hatua. Sikudhani akamkimbilia amshike, akaondolewa mkono. Ngoma ikanyamaza. Bi Somoe akaacha kuchovya vidole.

"Afande," Bi Hadia akasema.

"Mama! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeshiba?"

"Nimeshiba sana mama. Pilau la nguvu."

"Mikono haijachoka?"

Afande akacheka kidogo, akawaangalia wenzake. "Haijachoka, mama. Kuna kazi?"

Bi Hadia akatua mkongojo chini, akavua mtandio wake mpya, akaukunja vizuri na kumkabidhi binti yake. Akainua uso kwenye mwanga.

"Nipige na mimi, baba. Kimoja tu, hapa shavuni, pa kuonekana. Ila nyonga uniachie, nataka nikacheze na wenzangu."